Wachambuzi wa redioni, hivi mpira wa Uingereza ulianza 1992 na Premier League? Nimechoka!

Wakuu, nawasalimu ila sina amani.

Leo asubuhi nimo kwenye daladala, dereva kafungulia kipindi cha michezo. Mada: mastraika bora wa Uingereza wa muda wote. Wakataja weee, mzee kuliko wote ni Shearer, straika wa miaka ya tisini. Dogo mmoja akapiga simu, akamtaja Steve Bloomer, straika wa Uingereza wa miaka ya 1890 na mwanzoni mwa 1900. Studio nzima kicheko! Mchambuzi anadakia, "Hao si walikuwa wanacheza na wauza maziwa?" Simu ikakatwa.

Sasa wewe mchambuzi, kama unapita humu: Bloomer timu ya taifa ya Uingereza, mechi 23, mabao 28. Rudia kusoma taratibu. Mechi zake 10 za kwanza, zote alifunga. Mwaka 1896 kule Cardiff Wales walipigwa 9-1, matano ni yake peke yake. Ligi kuu ya enzi hizo, mabao zaidi ya 300, mengi akiwa na Derby County, na mpira wenyewe wa ngozi, ukilowa mvua unakuwa kama tofali. Straika wako wa leo ana zaidi ya bao moja kwa mechi timu ya taifa? Mtaje. Nasubiri.

Hela yenyewe sasa! Kuanzia 1901 ilikuwa marufuku mchezaji kulipwa zaidi ya pauni 4 kwa wiki. Halafu 1906 Derby wakamuuza Middlesbrough kwa pauni 750. Piga hesabu mwenyewe nani alikula. Akarudi 1910, na 1912 Derby wakapanda daraja yeye akiwa na miaka 38. (Kombe la FA hakulipata, fainali za 1898 na 1899 zote alilala. Hapo sibishi.)

Julai 1914 kaenda Berlin kufundisha mpira. Hata hajazoea mji, Vita ya Kwanza ya Dunia hiyo! Wajerumani wakamfungia kambi ya Ruhleben, uwanja wa mbio za farasi, watu wanalala kwenye mazizi. Humo humo mazizini wafungwa wakaunda ligi yao, na mzee wa miaka 40 na ushee akaingia kucheza. Katoka 1918. Mwaka 1924 akiwa kocha wa Real Unión ya Irún akabeba Kombe la Mfalme la Hispania, fainali kamfunga Real Madrid.

Nao Real Madrid walikuwa wauza maziwa?

Dogo uliyepiga simu, kama umo humu jitokeze. Soda yako ipo kwangu.