Mdogo wangu achukue 4+1 (digrii na masta ndani ya miaka mitano) au amalize digrii kwanza?

Kaka_wa_Njiro
Habari za jioni wakuu. Mdogo wangu wa kike anasoma Marekani, yuko mwaka wa tatu. Chuo kimemwandikia kwamba kwa GPA yake anaweza kuomba mpango wao wa 4+1: anaanza masomo ya masta akiwa mwaka wa nne, anaongeza mwaka mmoja, anatoka na vyeti viwili. Mwisho wa kuomba ni tarehe 1 mwezi ujao. Njia ya pili ni amalize digrii, afanye kazi, masta aje kuisoma baadaye, hata chuo kingine. Mama anasema achukue palepale, mwaka mmoja si haba. Mimi ninachangia ada na moyo haujatulia. Waliopitia naomba mawazo.

Mzee_wa_Kigamboni
Mkuu, hujasema anasoma nini, yuko kwa viza gani, wala nani analipa nini. Bila hayo matatu kila mtu atakujibu ya kwake.

Fundi_Houston
Achukue. Mimi nimepitia. Digrii krediti (alama za uzito wa masomo) 120, masta 30, jumla 150. Chuo changu kiliruhusu krediti 9 zihesabiwe pande zote mbili, nikabakiwa na 141. Mwaka unaokolewa hapo. Maombi yalikuwa mepesi, na profesa aliyenifundisha mwaka wa tatu ndiye aliyenisimamia masta. Ila aulize zinahesabiwa krediti ngapi, maana vyuo havifanani. Stanford kwa mfano wana mpango wao wa coterm: digrii yuniti 180, masta 45, na hakuna yuniti inayohesabiwa mara mbili. Mzigo unaubeba wote.

Mama_Wawili_Ohio
Kaka, nakuomba usome hadi mwisho. Kijana wangu ana uraia wa huku, alikuwa anapata ruzuku ya Pell ya serikali, ile isiyorudishwa. Mwaka wa masomo 2024/25 kiwango cha juu kilikuwa dola 7,395, naye alikuwa anakipata chote. Akaingia mpango wa namna hiyo, chuo sitakitaja. Alikuja na krediti alizozipata akiwa sekondari, kwa hiyo Desemba ya mwaka wa nne alikuwa ameshatimiza 120 na masharti yote ya digrii. Tulifurahi, tukapika pilau.

Januari nimetoka zamu ya usiku, nimekaa jikoni na sare yangu ya kazi, nafungua akaunti yake nilipe kama kawaida. Mstari wa Pell uliokuwa na 3,697 muhula uliopita umeandikwa sifuri. Chini yake ada imepanda, ni ada ya uzamili. Nilipiga simu siku tatu. Ofisi ya ufadhili wananipeleka kwa msajili, msajili ananirudisha kwa mshauri wa masomo. Mwisho dada mmoja akanieleza taratibu: Pell ni ya mtu ambaye hajapata digrii ya kwanza, na kwenye mfumo wao mwanangu ameshaipata. Tukapangiwa kulipa kwa awamu tano. Mtoto akapunguza masomo, akaongeza saa za kazi ghalani, na masta ya mwaka mmoja ikachukua miwili.

Ulizeni ni siku gani hasa wanaacha kumhesabu mwanafunzi wa digrii, na ada na ufadhili vinakuwaje kuanzia siku hiyo. Wajibu kwa maandishi.

Fundi_Houston
Pole sana mama. Na kwa wenye uraia, kuanzia Julai 1, 2026 mkopo wa Grad PLUS, ule wa serikali kwa wanafunzi wa uzamili, hautolewi tena kwa wakopaji wapya. Masta ya kawaida inabaki na mkopo wa serikali wa dola 20,500 kwa mwaka.

Ally_Manchester
Kwa nini watu wanang'ang'ania Marekani? Tuseme ni uhandisi: huku Uingereza MEng, masta unayoingia moja kwa moja bila digrii kwanza, ni miaka minne mfululizo, Scotland mitano. Unaomba mara moja, na kozi ikiwa imeidhinishwa, upande wa elimu wa kuwa Chartered Engineer, mhandisi aliyethibitishwa wa huku, umeumaliza.

Mzee_wa_Kigamboni
Ndugu, binti yuko mwaka wa tatu, unataka aanze upya? Halafu MEng cheti ni kimoja. Nimekaa kwenye usaili mara nyingi, mwenye karatasi moja huulizwa ya digrii iko wapi.

Ally_Manchester
Wanaopima vyeti vya nje ni TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, si watu wa usaili. Masta ni masta.

Mzee_wa_Kigamboni
TCU wakishapima, mhandisi bado ana miaka mitatu ya mafunzo kazini kabla ya usajili kamili. Ndiyo maana nasema kazi kwanza.

Kaka_wa_Njiro
Samahani wakuu, nilikuwa kazini. Anasoma uhandisi wa umeme. Viza ni F-1, ya mwanafunzi. Nusu ya ada inalipwa na skolashipu ya chuo, nusu ni mimi na mjomba, na mwaka jana tuliuza kiwanja cha Usa River. Barua ya skolashipu nimeitoa kwenye faili sasa hivi. Imeandikwa "mihula minane". Huo mstari sikuwahi kuutilia maanani.

Mama_Wawili_Ohio
Mihula minane ni miaka minne, kaka. Wa tano ni wenu wote.

Fundi_Houston
Na F-1 ina jambo lake. Ruhusa ya kufanya kazi baada ya masomo, OPT, ni miezi 12 kwa kila ngazi, na kwa uhandisi anaweza kuongezewa 24. Mwisho wa kuiomba ni siku 60 baada ya kumaliza ngazi hiyo, haiwekwi akiba. Akiunganisha, ya digrii imekwenda, inabaki ya masta. Upande wa pili, kuna nafasi 20,000 za H-1B, viza ya kazi, kwa wenye masta ya Marekani, juu ya zile 65,000 za kawaida. Nilisema achukue. Kwa mihula minane hii narudisha neno langu kwanza.

Binti_wa_Tanga
Mimi nilimaliza digrii, nikaomba masta kwingine na kazi ya kusaidia kufundisha. Ada ililipwa na posho nikapata. Idarani kwetu wa 4+1 hawakuruhusiwa kuomba nafasi hizo mpaka digrii itoke. Ila niliomba vyuo saba, viwili tu ndivyo vilivyonipokea.

Ally_Manchester
Hiyo kazi inakula muda wa kusoma.

Binti_wa_Tanga
Saa 20 kwa wiki, nasahihisha ripoti za maabara. Sheria za Kirchhoff za mkondo wa umeme nilizielewa barabara siku nilipolazimika kumweleza mtu mwingine mbele ya saketi iliyogoma.

Kaka_wa_Njiro
Nimempigia, kwao ni asubuhi. Anaonana na mshauri Alhamisi. Nimempa maswali matatu: krediti ngapi zinahesabiwa mara mbili, siku gani anahamishiwa uzamili, na kama cheti cha digrii kinatoka kwanza au vyote pamoja. Kaniambia ameshachagua na somo la mifumo ya gridi, analitaka sana. Mama bado msimamo ni uleule.

Neema_Dodoma
Samahani kuingilia. Hii ya kuunganisha ipo kwa uuguzi pia? Mwanangu yuko mwaka wa pili.