Samaki wa bahari hapa Lubumbashi: nani anaweza kuishi na nani ndani ya lita 200?

Papa wa Bel-Air
Jambo yenu wote. Nina akwariamu ya lita 200, urefu wake mita moja. Maji ya chumvi yanazunguka humo kwa mwezi wa pili sasa bila samaki hata mmoja. Ndani kuna mchanga na mawe makavu ya chokaa tu. Amonia na nitriti, zile sumu zinazotokana na uchafu wa samaki, zinasoma sufuri. Watoto wamechoka kutazama maji.

Kuna magazini moja mjini inayoleta samaki wa bahari kwa ndege, na mzigo umefika juzi. Nimekuta klauni wadogo wa rangi ya chungwa, domino watatu (wale weusi wenye madoa meupe), kangaja mmoja wa bluu ambaye bado ni mtoto, samaki-simba mmoja wa miiba mirefu, na mandarini mmoja mwenye marangi ambayo sijapata kuyaona. Mwenye magazini anasema niwachukue wote, eti bado wadogo, watazoeana. Bei yao kwa jumla inatosha kununua friji, ndiyo maana nimekuja kuuliza kabla ya kutoa pesa.

Jambo la pili: mama watoto ametenga vipande viwili vikubwa vya malakiti, lile jiwe la kijani, kwa ajili ya pambo. Anasema ule ukijani utapendeza na klauni. Bado havijaingia majini.

Nichukue nani, nimwache nani, na nianze na yupi?

Yaya wa Kamalondo
Tuanze na malakiti kabla ya samaki. Isiingie, hata kwa siku moja. Malakiti ni madini ya shaba, na ikikaa majini inaachia shaba polepole. Samaki anaweza kuvumilia kidogo, lakini kamba, konokono, anemoni na matumbawe wanakufa kwa kiasi ambacho wewe hutakiona wala kukinusa. Tena mchanga na mawe ya chokaa vinaifyonza ile shaba na kuirudisha majini baadaye, kwa hiyo kubadilisha maji mara moja hakutakuokoa.

Mji wetu ni wa shaba, basi uangalie na maji yenyewe. Ukichota kwenye foraji (kisima cha kuchimbwa kwa mashine), yapitishe kwanza kwenye mashine ya osmosi, ile ya kuchuja madini, ndipo utie chumvi. Ya bomba la Regideso, shirika la maji, nayo yana klorini. Malakiti ya mama ikae juu ya meza pembeni ya kioo, uzuri wake hautapungua.

Fundi Kampemba
Papa, huyo mwenye magazini hakudanganya aliposema ni wadogo. Ila hatakuwepo sebuleni kwako wakishakua.

Klauni: chukua wawili, wa aina moja, wote wachanga, ikiwezekana waliokwisha kukaa pamoja kwenye tangi la duka. Klauni wote wanazaliwa madume. Mkubwa wao anageuka jike, mdogo anabaki dume, na vita vinaishia hapo. Ukichukua wawili wakubwa waliolingana, au wa aina mbili tofauti, wanaweza kupigana mpaka mmoja afe. Anemoni si lazima. Inataka mwanga mkali na maji yaliyokomaa, na klauni anaishi vizuri bila hiyo. Atajichagulia kona, au hata bomba la pampu, na atalilinda.

Kangaja wa bluu: hapana. Leo anaingia kwenye kiganja, lakini akikomaa anafika karibu sentimita 30, na kazi yake kutwa nzima ni kuogelea. Mita moja kwake ni kugeuka na kugeuka tena. Akisumbuka anashikwa haraka na ugonjwa wa punje nyeupe, kisha anawaambukiza wengine. Najua ndiye watoto wanamtaka. Watoto wa kila nyumba wanamtaka yeye.

Samaki-simba: si mgomvi, ni mlaji. Chochote kinachoingia mdomoni mwake ni chakula, na ule mdomo unafunguka kuliko unavyodhani. Klauni wako watapotea usiku na hutaona hata damu. Halafu miiba yake ina sumu. Akikuchoma unapofuta kioo, tia mkono kwenye maji ya moto unayoweza kuvumilia bila kuungua, kisha uende kwa daktari.

Mandarini: huyu ananihuzunisha. Ni mpole, hamgusi mtu, lakini anakula vidudu vidogo sana anavyodonoa kwenye mawe kutwa nzima. Mawe yako yalikuwa makavu na yana miezi miwili, hayajajaa vidudu. Atazunguka vizuri, rangi itang'aa, huku anakonda chini kwa chini. Muache.

Domino: soma jibu langu lijalo, naona kijana wa Katuba anaandika.

Kijana wa Katuba
Munamuogopesha muzee bure. Mie nilianza na domino, domino njo samaki ya nguvu, haiko samaki ya kufa mbio. Unaweka yeye mbele, maji inakomaa, kisha unaongeza bengine. Batu bote ba zamani bilifanya vile.

Fundi Kampemba
Ni kweli bilifanya vile, na wengi walimaliza wakivunja mawe yote ili wamkamate yule domino na kumtoa. Ni mgumu kufa, hilo sibishi. Lakini aliyeingia wa kwanza anahesabu kila jiwe kuwa lake. Akipita sentimita 10, yale madoa meupe yanaanza kufifia na ukali unaongezeka. Watatu ndani ya mita moja, mmoja atawamaliza wenzake, kisha atageukia klauni. Na vipimo vya Papa kuwa sufuri bila samaki havithibitishi peke yake kwamba maji yamekomaa, yaani yana bakteria wa kula ile amonia, lakini hata hivyo hahitaji samaki wa kuyafanyia majaribio.

Utaratibu ni huu: mpole na mwoga aingie kwanza, mwenye mabavu aingie mwisho. Klauni naye ana mabavu yake, usidanganyike na sura. Ukiweza kumwagiza gobi wa manjano, yule anayekaa chini mchangani, atangulie yeye, klauni wafuate baada ya wiki chache. Pamoja nao kamba msafishaji mmoja, mwenye mstari mweupe mgongoni. Nyumba ya lita 200 imetosha hapo. Labda mmoja tena baadaye, lakini si mwaka huu.

Mama wa Ruashi
Mnazungumza samaki, hakuna anayezungumza umeme. Papa, kwenu delestaji (kukatwa umeme kwa zamu) inachukua saa ngapi? Maji ya chumvi yanabeba oksijeni kidogo kuliko maji yasiyo na chumvi, na sisi tuko kwenye mita zaidi ya 1,200 juu ya bahari, hewa yenyewe ni nyepesi. Pampu ikisimama usiku kucha, samaki wakubwa ndio wanatangulia kufa. Tafuta pampu ndogo ya hewa ya betri. Kuwa na samaki wachache ni kinga pia.

Mwezi wa sita na wa saba baridi yetu ya usiku unaijua. Hita ikizimika, funika vioo kwa mablanketi, pande zote isipokuwa juu, hewa ipite. Wanataka nyuzi 24 hadi 26, na kinachowaua zaidi ni kushuka kwa ghafla.

Mtoto wa Kalemie
Mimi nasikitika kidogo. Tuna ziwa letu la Tanganyika, samaki wake wanatafutwa Ulaya na Marekani, na sisi tunaleta klauni kwa ndege. Kwenye lita 200 ungeweka kundi la wale wadogo wanaoishi ndani ya maganda ya konokono, multifasciatus, unawaona wanachimba mchanga na kulea watoto mbele ya macho yako. Hakuna kununua chumvi. Maji magumu yenye pH kama 9 ndiyo wanayopenda.

Papa wa Bel-Air
Mtoto wa Kalemie, hoja yako nimeipokea, lakini chumvi imeshaingia, kilo 7 nzima. Akwariamu ya pili itakuwa ya Tanganyika, mama watoto asisome hapa.

Fundi, asante sana. Malakiti imerudi mezani. Nimekubali klauni wawili, na gobi nitaagiza. Sasa swali: nitajuaje kwamba wale klauni wa dukani ni wazima? Na nikifika nao nyumbani nafanyaje?

Fundi Kampemba
Usinunue siku ya kwanza ya mzigo. Mwambie akuwekee kando, lipa arubuni kama anataka, urudi baada ya wiki. Wale waliochoka na safari watakuwa wameshaonyesha.

Ukirudi, mwombe awalishe mbele yako. Samaki asiyekula usimchukue, hata akipunguza bei. Mtazame kwa mbele: tumbo lililobonyea nyuma ya kichwa, acha. Tazama mapezi kama yamebanwa kwenye mwili, kama mashavu yanapiga haraka haraka, kama kuna punje nyeupe au utando kama maziwa juu ya ngozi. Na tazama jirani zake kwenye tangi hilo hilo, kwa sababu maji yao ni mamoja.

Kisha muulize chumvi yake inasoma ngapi kwenye kipimo cha uzito wa maji. Maduka mengi yanaiweka chini, na mengine yanatia dawa ya shaba kwenye maji ya samaki. Kwa hiyo maji ya mfuko wake yasiingie kwako hata tone. Wewe uko 1.025, yeye anaweza kuwa 1.019. Nunua mrija wa serumu (wa dripu) kwenye famasi. Mfuko uelee kwanza robo saa ili joto lilingane, umimine samaki na maji yake kwenye ndoo safi, halafu uvute maji ya akwariamu kwa mrija ukifungua kile kigurudumu kidogo mpaka yadondoke matone mawili matatu kwa sekunde. Maji ya ndoo yakifika mara tatu ya yale ya mwanzo, pima chumvi. Ikilingana, mtoe samaki kwa kikombe, maji umwage.

Na ukiweza, wasiingie moja kwa moja. Beseni la lita 40, kichujio cha sponji, kipande cha bomba la plastiki wajifichie, wiki nne hadi sita. Ugonjwa ukitokea, dawa ya shaba unaitia mle, kamwe si kwenye akwariamu yenye kamba.

Yaya wa Kamalondo
Na kifuniko cha wavu! Gobi anaruka. Atakutwa chini ya kochi amekauka.

Papa wa Bel-Air
Nimetoka magazini sasa hivi. Klauni wawili wamewekwa kando mpaka Jumamosi, mmoja mkubwa kidogo kuliko mwenzake, wote walikula. Chumvi yake: 1.020. Domino mmoja ameshauzwa kwa mtu wa mtaa wa Golf, mwenye akwariamu ya lita 60. Kama uko humu, mukubwa, soma kuanzia juu.