Wazazi wa Nne B

*Jumanne*

19:02 Mwl. wa Darasa: Habari za jioni wazazi. Ijumaa saa 8 mchana naomba kila mzazi au mlezi afike shuleni. Si ofisini, ni darasani kwetu 4B. Mtakaa kwenye madawati ya watoto na kukagua madaftari yao. Hakuna mchango.

19:03 Baba Kelvin: Hakuna mchango? 😳

19:04 Mama Zawadi: Mwalimu rudia hiyo sentensi ya mwisho niipige picha, mume wangu hataamini

19:04 Mama Shufaa: 😂😂😂

19:09 Baba Junior: Mimi naulizia hapahapa. Kwa nini mwanangu saa nne na nusu anatolewa darasa la nne anapelekwa kukaa na watoto wa la pili? Mtoto anarudi nyumbani analia, wenzake wanamwita bebi. Nilimshonea sare ya darasa la nne mimi!

19:10 Mama Shufaa: Sare ya la pili na la nne si ileile baba 🙈

19:10 Baba Junior: Mama Shufaa sitanii. Na jana nimeshafika kwa Afisa Elimu Kata.

19:11 Mama Zawadi: Duh

19:14 Mzee Mbwana (Kamati): Baba Junior, hapo umeruka ngazi mwanangu. Mwalimu wa darasa yupo, mwalimu mkuu yupo, kamati tupo. Kata ni pale sisi wote tukishindwa.

19:15 Baba Junior: Shikamoo mzee. Mimi nashinda kijiweni Msamvu na pikipiki, hizo ngazi nazipanda saa ngapi? Ofisi ya kata iko njiani.

19:15 Mzee Mbwana (Kamati): Marahaba.

19:22 Mwl. wa Darasa: Baba Junior, taarifa ilifika. Kata walimpigia mwalimu mkuu, na leo asubuhi nimeandika maelezo kurasa mbili kipindi ambacho nilitakiwa niwe darasani. Yamepita. Ila kosa la kwanza ni letu, tulianza jambo bila kuwaambia wazazi. Nieleze?

19:22 Mama Zawadi: Eleza mwalimu

19:29 Mwl. wa Darasa: Mwezi wa pili nilimsikiliza kila mtoto akisoma peke yake. Wako 87, ikanichukua wiki mbili, mapumziko na baada ya vipindi. 14 hawasomi. Darasa likisoma kwa pamoja wanapaza sauti kuliko wote, ukimsimamisha mmoja anaangalia dari.

19:33 Mwl. wa Darasa: Niwaambie ukweli, niliona aibu. Nilikaa nalo kama wiki hivi, maana mwalimu ukisema watoto wako hawasomi ni kama umejishtaki. Jumatano tuna MEWAKA, ile tunayokaa walimu wenyewe kusaidiana mada ngumu. Nikalitoa. Mwalimu wa 4A akacheka, akasema "mimi ninao 11, nilidhani niko peke yangu".

19:34 Mama Shufaa: 🙆🏾‍♀️

19:38 Mwl. wa Darasa: Mwalimu wa la pili ndiye mwenye mkono wa KKK (kusoma, kuandika, kuhesabu) pale shuleni. Akasema nileteeni hao 25, na nyie mnibebee vipindi vya Kuhesabu vya darasa langu. Tukakubaliana. Mwalimu wa taaluma akagoma, ratiba ikivurugwa na wadhibiti ubora, yaani wakaguzi, wakatokea, anayeulizwa ni yeye. Mwalimu mkuu akasema badilisheni, wakija niulizwe mimi. Kwa hiyo si la pili wanakosomea, ni chumba cha la pili. Wadogo wakati huo wako nje kwenye michezo.

19:40 Baba Junior: Sawa. Lakini Junior anasoma! Kila jioni ananisomea ukurasa mzima bila kukwama.

19:41 Mwl. wa Darasa: Leo ziba picha kwa kiganja. Halafu mwambie aanze mstari wa katikati, asianze juu.

19:41 Baba Junior: Haya

19:46 Baba Kelvin: Wakati tunasubiri matokeo, hivi ile ruzuku inakwendaga wapi? Elimu bila ada tangu 2016 na bado chaki tunasikia hazitoshi

19:53 Mzee Mbwana (Kamati): Ruzuku ni shilingi 10,000 kwa mtoto kwa mwaka. Humo 4,000 ni ya vitabu. Iliyobaki igawe kwa miezi kumi ya masomo uone kila mtoto anapata ngapi. Mapato na matumizi tunabandika ubao wa matangazo karibu na ofisi, na kila nikipita karatasi iko vilevile, haina hata alama ya kidole.

19:54 Baba Kelvin: Nimeelewa mzee 🙏🏾

19:55 Mama Zawadi: Na uji?

19:57 Mzee Mbwana (Kamati): Uji ni hiari na lazima mkutano wa wazazi uamue. Mara ya mwisho mlikuja 19.

20:31 Baba Junior: Mwalimu

20:31 Baba Junior: Nimeziba picha

20:33 Baba Junior: Kasoma habari za mbuzi kula majani. Ukurasa wenyewe hauna mbuzi. Una watoto wanachota maji.

20:34 Mama Shufaa: Jamani 😔

20:35 Baba Kelvin: Amekariri. Bora akariri kitabu sasa hivi kuliko kuja kukariri darasa baada ya mtihani wa upimaji wa la nne

20:35 Mama Zawadi: Baba Kelvin hebu!

20:36 Baba Kelvin: Samahani Baba J. Mdomo wangu huu

20:44 Bibi Tatu: *(mimi Tatu namwandikia bibi, anasema)* Wanangu, mimi shule sikwenda, herufi sizijui. Tatu akinisomea nafumba macho. Mtoto anayekariri anateremka kama maji ya mfereji. Anayesoma anajikwaa, anarudi nyuma, anaguna, anaanza tena. Siku huyu Tatu alipoanza kujikwaa nikamwambia mwalimu wake, huyu sasa anasoma. Baba Junior, kaa naye tu. Kukwama utakusikia.

20:46 Mwl. wa Darasa: Bibi shikamoo. Ni kweli, ni bibi aliyeniambia kabla mimi mwenyewe sijagundua.

20:52 Baba Junior: Mwalimu kesho saa moja kasoro nitapita kata nikaeleze upya. Yale maelezo yako yafutwe.

20:54 Mwl. wa Darasa: Hayafutwi, yana muhuri 😄 Lakini ukipita sawa. Ila nataka kitu kingine kwako. Junior aje na kitabu, akusomee dakika kumi kabla hujatoka na pikipiki. Jioni unakuwa umechoka na yeye anakuwahi.

20:55 Baba Junior: Nimeipata hiyo

*Ijumaa*

13:37 Baba Junior: Mwalimu nimewahi, nimepaki chini ya mwembe. Darasa liko wazi, watoto hawapo

13:38 Mwl. wa Darasa: Ingia ukae baba, niko ofisini nabeba madaftari. Junior anakaa la mwisho upande wa dirisha.

13:38 Mama Zawadi: Nakuja na ndizi

13:42 Baba Junior: Mwalimu nimekaa. Magoti yamegonga kidevu

13:42 Baba Kelvin: 😂😂 tuma picha

13:45 Baba Junior: *[picha]* Angalieni ubao kutoka hapa. Jua linapiga pale katikati, nusu ya kushoto naona mng'ao mtupu. Hiyo tarehe tu ndiyo naiona. Huwa hivi kila siku?

13:47 Mwl. wa Darasa: Asubuhi halipo. Mchana sijui. Mimi husimama mbele, hapo ulipo sijawahi kukaa.

13:47 Mwl. wa Darasa: Usihame. Nakuja.