Pikipiki inakohoa nikipanda mlima Kitonga na nyuma inagonga kwenye matuta, nianze na nini?

mtoka_vumbi
Wakuu habari za jioni. Nina pikipiki kubwa ya Kijapani ya 2003, cc 650, silinda mbili, kabureta mbili. Niliinunua used kwa ajili ya safari ndefu, hapa Dar naizungusha siku zote wala haina shida, inawaka mara moja. Wiki iliyopita nikaenda nayo Mbeya na mke wangu, maboksi matatu nyuma, begi la tangi mbele, ndo nikakutana na mambo mawili.

La kwanza injini. Nimetoka Dar tanki limejaa, iko vizuri tu, kupita Chalinze ikaanza kukohoa, nikivuta mafuta kuanzia spidi 90 nguvu inakata kama kuna mtu anafunga koki, nikilegeza inarudi. Morogoro nikajaza mafuta ikawa nzima kabisa. Mikumi mbugani mwendo ni 50 nako ikatulia, lakini Kitonga wakuu niliona aibu, gia ya pili, eksileta yote, malori ya Tunduma yananipumulia mgongoni. Iringa nikajaza tena, ikapona! Nikasema basi mafuta ya Dar ni machafu. Fundi wa pale akabadilisha plagi zote na kugusa skrubu za hewa, nikalipa, kabla ya Makambako ikarudia yale yale.

La pili shokapu. Kila tuta nyuma inagonga chini ngwaa, kwenye kona inayumba kama boti, na usiku magari yanayokuja yananiwashia full wakati mimi nimewasha dimu. Shokapu ya mbele kushoto inalia mafuta. Nimeambiwa ninunue kabureta mpya na shokapu mpya, hela yake ni karibu nusu ya bei ya pikipiki. Naombeni ushauri kabla sijachoma hela.

bodi_namba_D
Uza mkuu, nunua Noah 😂

kijana_wa_Ilula
Mbeya ni juu, kama mita 1,700 hivi toka usawa wa bahari, hewa nyepesi, na kabureta haijui kujipunguzia petroli kama hizi za injeksheni. Lazima nguvu ipungue, hata wewe mwenyewe ukikimbia kule unahema.

rider_wa_Athi
Huyu jamaa hapo juu ako sawa lakini si yote. Mimi nikitoka Mombasa nikifika Nairobi nasikia kabisa pikipiki imekuwa nzito, lakini nguvu inapungua pole pole na inabaki hivyo, haikati na kurudi. Na Chalinze si mlima boss. Ya mwinuko haiponi petrol station.

Fundi_Mstaafu
Kijana, hebu soma tena ulichoandika. Mara mbili umejaza mafuta, mara mbili imepona. Mafuta ya Morogoro na Iringa hayana dawa ndani. Kitu unachofanya kila ukijaza ni kufungua mfuniko wa tanki. Sasa nijibu maswali mawili: begi lako la tangi linakaa wapi hasa, na mjini huwa unaliweka?

mtoka_vumbi
Shikamoo mzee. Mjini siliweki, ni la safari tu. Linakaa juu ya tanki, limefunika mfuniko wote, nalikaza na mikanda lisichezecheze.

Fundi_Mstaafu
Marahaba. Basi umejinyonga mwenyewe. Kwenye mfuniko kuna kitundu kidogo cha kuingiza hewa, petroli ikitoka lazima hewa iingie mahali pake, ukiziba tanki linavuta kama chupa ya soda mtoto anapoinyonya na kuibana mdomoni. Mwendo mdogo injini inakunywa kidogo, inavumilia, ndo maana Mikumi ilitulia. Ukivuta mafuta mengi bakuli za kabureta zinakauka, inakohoa. Mlimani na mzigo wa watu wawili ndo kabisa.

Fanya hivi, toa begi, nenda safari ya saa moja na nusu mwendo wa 100. Ikikohoa, simama papo hapo fungua mfuniko usikilize, ukisikia fyuuu ya kuvuta hewa basi na kitundu chenyewe kimeziba kwa vumbi, kisafishe kwa upepo wa kompresa na waya mwembamba. Usipoisikia, ndo tuje kwenye chujio la koki, eya klina na mipira ya diaframu ndani ya kabureta, kwa mpangilio huo. Kabureta mpya unanunulia nini wakati hujafungua hata mfuniko?

rider_wa_Athi
Mzee amemaliza 🔥 Mimi niingie kwa suspension. Uzito wenu jumla ni ngapi na ulishapima sagi?

mtoka_vumbi
Mimi 88, wife 70, maboksi na mizigo kama 35. Sagi ndo nini?

rider_wa_Athi
Hiyo ni kilo 193, angalia kwa manual yake imeandika mwisho ngapi, uko karibu sana na mwisho kama hujapita. Sagi ni vile pikipiki inashuka ikibebeshwa. Inua tairi ya nyuma hewani, pima kutoka ekseli hadi alama yoyote kwa mkia, halafu shusha pima ikiwa peke yake, halafu mkae wote na mizigo mpime tena. Shokapu ikiwa na mwendo wa kupanda na kushuka wa milimita 180, mkikaa wote ishuke kama 60, yaani theluthi. Pia hiyo ya taa, mkia ukizama pua inaangalia juu, taa inapiga watu machoni, na mbele inakuwa nyepesi ndo inayumba kona.

mtoka_vumbi
Nimepima jana na mdogo wangu ameshika tepu. Tukikaa wote imeshuka 100! Nimekaza springi mpaka mwisho ikawa 85, ila sasa pikipiki ikiwa peke yake inashuka 8 tu.

Fundi_Mstaafu
Hapo umepata jibu. Ikiwa tupu haishuki na ikibeba inazama, springi ni laini kwa mzigo wako, kukaza hakuifanyi iwe ngumu, kunainyanyua tu. Kama shokapu yenyewe haivuji na haidundi dundi ukiibonyeza, badilisha springi peke yake, ngumu zaidi. Na boksi la juu linyime vitu vizito, spana na maji weka kwenye ya pembeni, chini, mbele kadiri inavyowezekana. Upepo wa tairi ya nyuma mkiwa wawili usiende na ule wa kukisia kwa kupiga teke.

Mbele usikimbilie kununua. Mara nyingi ni mchanga umekaa kwenye mdomo wa sili, ule mpira unaozuia oili ya shokapu isitoke, shusha kifuniko cha vumbi, pitisha kipande cha plastiki nyembamba kigumu kuzunguka bomba, futa. Ikiendelea badilisha sili. Lakini angalia breki leo, oili ikigusa pedi hutasimama. Na asikudanganye mtu uweke oili ya injini kwenye shokapu iwe ngumu, itakuwa ngumu kwenye kila rasta ya barabarani mpaka meno yakuume.

kijana_wa_Ilula
Mimi nilishaweka ya injini 🙈

mtoka_vumbi
Mrejesho wakuu. Jumapili nimekwenda Morogoro na kurudi bila begi, nimeivuta mpaka 120 pale barabara ilipo wazi, haijakohoa hata mara moja. Kurudi nikalirudisha begi makusudi, kufika Mlandizi ikaanza, nikafungua mfuniko, fyuuu, jamaa wa bodaboda akaniuliza kama tairi imepasuka. Nitashona begi upya likae nyuma ya mfuniko. Springi naitafuta, mwenye kujua anayeuza used Dar anicheki. Pedi ziko kavu. Sili nimesafisha kwa kipande cha picha ya eksirei ya mguu wangu wa 2019, leo siku ya tatu bomba bado kavu.