Mrejesho: Kutupa kabati na godoro Nishi-Kasai, Tokyo

Wakuu, niliuliza namna ya kutupa kabati na godoro Nishi-Kasai, kata ya Edogawa. Limekwisha, asanteni sana.

Kitu chenye upande unaozidi sentimita 30 hakichukuliwi na gari la taka za kawaida. Unaomba nafasi ya kuchukuliwa mzigo kwanza, kwa simu au mtandaoni. Unapewa tarehe, namba na gharama. Ndipo unanunua stika za malipo kwenye konbini (duka dogo la mtaani): aina ya A ni yeni 200, B yeni 300, unazichanganya hadi zitimize gharama uliyopewa. Hapa ndipo wengi hukwama: kila kata ina stika zake, kwa hiyo ya Koto, ng'ambo ya mto tu, haifai Edogawa. Andika jina au namba yako juu yake, bandika panapoonekana, toa mzigo kabla ya saa mbili asubuhi.

Friji, televisheni, kiyoyozi na mashine ya kufulia havimo kabisa. Vina sheria yake ya urejelezaji, rudi duka ulilonunua.

Kwa mnaofikiria kuhamia: treni za haraka za Tozai, laini ya metro ya hapa, hazisimami Nishi-Kasai. Ila viungo, dengu na unga wa chapati vipo tele kwenye maduka ya Wahindi karibu na stesheni.