Naomba ushauri: kusoma riwaya huku nafuma

Habari zenu wapendwa. Nipo Moshi, na kwa baridi hii ya Julai jioni zangu zinaishia kwenye riwaya na sindano za kufumia. Raha tupu! Shida ni kwamba nataka vyote kwa pamoja. Mistari ya kawaida naifuma bila kutazama, lakini kitabu hakikai wazi. Nakibana kwa vibanio vya nguo, kurasa zinajikunja, na chenyewe ni cha kuazima. Nyie mnafanyaje?

La pili ni uzi. Huwa nanunua masweta ya mitumba pale soko la Memorial nayafumua. Naangalia kwanza mshono wa ubavuni: sweta likiwa limekatwa na kupigwa ovaloki (ule mshono wa mashine wa kufunga kingo), uzi unatoka vipande vipande, naliacha. Juzi nimepata la sufu, rangi ya kahawa, zuri mno, ila uzi umetoka umejikunja kama tambi. Nimeambiwa niuloweke maji ya uvuguvugu kisha niuanike kivulini ukining'inia na kitu kizito. Naogopa, maana sufu ikisuguliwa kwenye maji ya moto inasinyaa na kugandamana. Aliyewahi kufanya anielekeze tafadhali, nataka kumfumia mama shali kabla baridi haijaisha.