Camry ya 2007 inagonga asubuhi: tuanzie wapi?

Swali, kutoka Minneapolis

Habari zenu ndugu. Gari ni Toyota Camry ya 2007, silinda nne, 2.4, maili zimepita 190,000. Ikiwashwa asubuhi kwenye baridi inagonga tatatata sehemu za juu za injini. Ikipata moto inapungua, ila haiishi kabisa. Taa ya injini haijawaka. Gereji moja wamesema injini imenoki, yaani imekufa kwa ndani, wanataka kuibadilisha nzima. Kuna vya kuangalia kabla ya kukubali?

Jibu, kutoka Columbus

Dada, usisaini chochote bado. Fundi anayetangaza injini imenoki bila kupima presha ya oili anakisia tu.

Anza na oili. Injini hiyo Toyota wanaiita 2AZ-FE, na zile za kuanzia 2007 zinajulikana kwa kula oili: ringi za pistoni za kukwangua oili hujaa masizi, oili inapanda na kuungua ndani. Hakuna tone linaloanguka chini, ndiyo maana mwenye gari hashtuki mpaka kelele zianze. Paki mahali tambarare, zima, subiri kama dakika kumi, chomoa kijiti, kifute, kirudishe hadi mwisho, kisha chomoa tena. Oili ikiwa chini ya alama ya chini, ongeza nusu kwoti, ngoja kidogo, pima. Usimimine kwa pupa. Injini hiyo inachukua kwoti 4.5 pamoja na filta, yaani lita 4.3. Ikizidi alama ya juu, krenkshafti inaichapa mpaka inatoa povu, na povu halilindi beringi.

Baada ya hapo pima kila ujazapo petroli. Ikipungua kwoti nzima kabla ya maili 1,200, hiyo ni injini inayokula oili kwa kipimo ambacho Toyota wenyewe walikitumia. Inaweza kuendelea miaka ikiwa unaiongezea. Kinachoiua ni kukauka.

Sasa kelele. Usikimbilie kuuliza inatoka wapi, uliza kwanza inakuja lini.

Ikiwa ni sekunde mbili tatu tu baada ya kuwasha, kisha kimya, oili ilishuka yote usiku. Mara nyingi ni filta ya bei ya chini ambayo valvu yake ya kuzuia oili isirudi ni mpira mgumu. Kwenye baridi haifungi sawasawa. Tenshena (kikazo) ya taiming cheni, cheni inayozungusha kemshafti, nayo inasukumwa na presha ya oili, kwa hiyo cheni inalegea mpaka oili ifike. Badilisha filta kwanza, ndiyo rahisi kuliko vyote.

Ikigonga baridi na kupungua ikipata moto, kama yako, washukiwa ni watatu. Wa kwanza ni ekzosti inayovuja kwenye manifoldi: chuma kikipata moto kinatanuka na kuziba ufa. Tafuta kwa tochi alama nyeusi ya masizi kwenye gasketi, na boliti zilizokatika kwa kutu, maana huko kwenu barabara zinamwagwa chumvi. Wa pili ni pistoni iliyolegea kwenye silinda. Inakera masikio lakini haiui injini haraka. Wa tatu ni tapeti, vile vikombe vinavyosukuma valvu. Hapa kuna mtego: tapeti za 2AZ-FE hazijirekebishi kwa oili, nafasi yake inapimwa kwa fila geji (vibati vyembamba vya kupimia) injini ikiwa baridi. Ile chupa ya dawa ya kunyamazisha tapeti inayouzwa dukani haina cha kunyamazisha humo. Hifadhi hela yako.

Ikizidi injini ikiwa moto, mlio mzito wa chini unaoongezeka ukipanda mlima, hizo ni beringi za konrodi, mikono inayounganisha pistoni na krenkshafti. Jaribio lake: zima injini, chomoa waya wa injekta moja (kinachopuliza petroli kwenye silinda), washa, sikiliza, zima, rudisha, nenda kwenye silinda inayofuata. Silinda ambayo ukiikata mlio unapungua sana, hiyo ndiyo yenye shida. Usichomoe koili, inayotoa cheche ya plagi, badala ya injekta. Petroli isiyochomwa itakwenda kuharibu kichujio cha ekzosti (katalitiki), na bei yake unaijua.

Kutafuta mahali hasa, tumia stethoskopu ya mafundi au bisibisi ndefu: ncha kwenye chuma, mpini kwenye mfupa wa mbele ya sikio. Gia kwenye P, breki ya kuegesha imekazwa, funga nywele na mtandio, toa mikono mbali na mkanda. Na ufanye nje. Gereji iliyofungwa ikijaa moshi inaua kabla hujasikia kitu.

Jibu, kutoka Birmingham

Nakubaliana na kaka wa Columbus, naongeza la mkanda, kwa sababu watu wengi huuziwa injini kumbe ni beringi ya puli.

Nyunyiza maji kidogo upande wenye mifereji wa mkanda wa feni, injini ikiwa imewashwa na haijakanyagwa mafuta. Mlio ukikatika kisha ukarudi, mkanda umechakaa au puli hazijanyooka. Ukizidi, mkanda umelegea: angalia tenshena. Usipobadilika, zima, legeza tenshena kwa spana ndefu, toa mkanda, na uzungushe kila puli kwa mkono. Beringi nzima inazunguka kimya. Mbovu inakwaruza kama mchanga kwenye kinu. Unaweza kuwasha bila mkanda kuthibitisha, lakini isizidi nusu dakika: kwenye Camry hiyo mkanda huohuo ndio unaoendesha pampu ya maji. Taa ya betri itawaka, usishtuke.

Mlio wa bati linalotikisika kwenye mzunguko fulani tu ni ngao ya joto ya ekzosti iliyooza mahali pa boliti. Klampu ndefu ya chuma kisichoshika kutu inamaliza kazi.

Kwa walio Ulaya na dizeli za gia za mkono: gari likiwa limesimama, gia fri, kanyaga klachi. Kelele ikinyamaza unapokanyaga, tazama beringi ya shafti ya gia au flaiwili ya vipande viwili. Ikianza unapokanyaga, ni beringi ya klachi yenyewe. Injini haihusiki hata kidogo.

Kutoka Minneapolis tena

Asanteni sana. Kijiti kilitoka kikavu. Nimeongeza hadi kati ya alama mbili na mlio umepungua sana, umebaki mdogo wakati wa baridi. Je, niweke oili nzito, 10W-40, iache kuliwa?

Jibu, kutoka Columbus

Si huko Minnesota, dada. Kifuniko cha kumiminia oili kimeandikwa 5W-20, na namba ya mbele ndiyo inayohusu kuwasha kwenye baridi. Oili nzito inachelewa kufika juu, na sekunde hizo ndizo zinazokula kemshafti na cheni. Kiangazi unaweza kujaribu 5W-30. Italiwa polepole kidogo. Zaidi ya hapo ni kuficha ugonjwa.

Kwa kuwa ilikaa kavu, fanya mawili. Kwanza, kasomeshe kompyuta hata kama taa haijawaka; AutoZone, wauza vipuri, wanasoma bure katika maduka yao mengi. Ukiona kodi ya hitilafu P0016, cheni huenda imerefuka na mpangilio wa kemshafti na krenkshafti umehama. P0011 au P0012 mara nyingi ni oili chafu, au chujio dogo la valvu ya VVT-i (mfumo wa Toyota unaobadilisha muda wa valvu kufunguka) limeziba. Hilo linasafishwa kabla ya kununua chochote.

Pili, tafuta fundi mwingine atoe swichi ya oili na kufunga geji halisi. Taa ya dashibodi haitoshi, inawaka presha ikiwa imeshaisha. Apime injini ikiwa moto kabisa. Kwa kawaida tunategemea presha ya psi 10 kwa kila mizunguko 1,000 ya injini kwa dakika, kwa hiyo kwenye 3,000 utarajie 30 au zaidi. Mwombe akuandikie namba mbili: ya injini ikiwa imetulia, na ya mizunguko 3,000. Ikipita, fuatilia ekzosti na tapeti kwa utulivu. Ikiwa chini sana na mlio mzito upo, hapo ndipo mazungumzo ya injini nyingine yanaanza, na uulize bei ya iliyotumika yenye dhamana ya maandishi, inayotaja kazi ya fundi pia, maana nyingi zinalipia chuma peke yake.